Mashine ya boti ikikataa gia, usikimbilie kufungua mguu

Mtu akiniletea mashine pale Matema, kando ya Ziwa Nyasa, na kuanza kunihadithia jinsi gia "zilivyokufa", namwacha amalize, halafu namuuliza swali moja: kamba ya kuwashia inavutika? Wengi hunitazama kama nimekwepa hoja. Lakini mashine nyingi za mkono, hizi za HP 15, 25 na 40 tunazozitumia ziwani, zile za petroli ya kuchanganya na oili, zina kizuizi kidogo karibu na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na kamba. Kazi yake ni kukataza kamba isivutike kama gia haiko fri, yaani haijashika mbele wala nyuma, usije ukawasha boti ikachomoka na wewe bado umesimama.

Sasa, mkono wa gia ukiwa fri na kamba ikagoma, umeshajua kitu kabla hujashika hata spana. Mkono unasema fri, lakini viungo vilivyo chini ya kofia ya mashine havijafika fri. Tatizo liko juu, mahali unapoweza kuliona kwa macho. Kamba ikivutika vizuri, mashine ikawaka, na boti ikaanza kutambaa yenyewe, basi juu na chini hawaelewani, na kosa liko kwenye rodi inayoshuka. Swali moja tu, na tumeshapunguza nusu ya kazi.

Mimi nilianza ufundi kwenye malori, Uyole, kabla ya kuoa na kuhamia huku chini Kyela. Malori yalinifundisha mengi mazuri na tabia moja mbaya: giaboksi ikilia, ishushe. Nikaja nayo ziwani. Mashine ya kwanza iliyokataa gia niliivunja mpaka beringi ya mwisho, juu ya turubai chini ya mwembe, watoto wamenizunguka kama niko msibani. Vyuma vyote vilikuwa vizima. Kilichokuwa kimekufa ni kibushi cha plastiki, kidogo kama punje ya hindi, kwenye kiungo cha mkono wa gia. Mwenye boti alikosa siku nne za kuvua usipa. Mimi nililipa sili na gasketi mfukoni mwangu, maana ukishafungua mguu, ile sehemu ya chini yenye gia na propela, sili za zamani haziaminiki tena.

Ndiyo maana mpangilio wangu siku hizi ni huu: propela, viungo vya juu, sailensa (mwendo wa injini ikiwa imepumzika), oili ya mguu, na kufungua mguu ni mwisho kabisa. Wengi hawafiki mwisho.

Kilichomo ndani ya mguu

Ni vizuri ukijua unachokitafuta. Shafti ndefu inashuka kutoka kwenye injini. Chini yake kuna gia ndogo inayouma gia mbili kubwa kwa wakati mmoja, moja mbele na moja nyuma. Hizo mbili zinazunguka muda wote injini ikiwaka, kila moja upande wake, lakini hazijaishika shafti ya propela. Kinachoshika ni klachi, kipande cha chuma chenye meno kila upande, kinachoteleza katikati yao. Ukisukuma mkono wa gia, rodi inapanda au kushuka, inasukuma kipande kidogo kilichochongwa mshazari, na klachi inakwenda kuuma gia ya mbele au ya nyuma. Ikikaa katikati bila kuuma kokote, hiyo ndiyo fri.

Hakuna sahani za klachi kama za gari, wala hakuna kitu cha kulinganisha mwendo. Ni meno kwa meno, jino linaingia au haliingii. Kwa hiyo ukiingiza gia taratibu kwa huruma, meno yanagusana kwa ncha, yanagonga krrr, yanajisaga, na baada ya msimu kona zake zimekuwa duara kama sabuni iliyotumika. Methali ya haraka haraka haina baraka haihusu gia ya boti. Shusha mafuta mpaka sailensa, subiri injini itulie, kisha ingiza gia kwa mkupuo mmoja. Tak. Vijana wengi wa boti za abiria wanafanya kinyume chake. Injini inanguruma, mkono unasukumwa polepole, halafu wanashangaa msimu ukiisha na gia.

Kabla hujagusa propela

Chomoa waya wa plagi. Kama mashine ina plagi mbili, chomoa zote mbili na uzielekeze mbali na kabureta. Chomoa na klipu ya kuzimia. Silisemi hili ili kujaza maneno. Injini ya petroli iliyotoka kuzimwa ikiwa ya moto, ukizungusha propela gia ikiwa imeingia, unazungusha injini yenyewe, na inaweza kukohoa mara moja. Mara moja inatosha kuondoka na vidole.

Sasa zungusha propela kwa mkono. Kwenye fri izunguke pande zote mbili kwa wepesi, bila kugonga popote. Weka gia ya mbele. Mkono ukigoma kuingia, usilazimishe: injini ikiwa imezimwa meno yanaweza kuwa yametazamana ncha kwa ncha. Zungusha propela kidogo huku ukisukuma, utasikia imedondoka mahali pake. Ikiwa gia imeingia, propela ishike, uone uzito wa injini. Kwenye mashine nyingine, gia ya mbele inashika upande mmoja, na upande wa pili inateleza kwa kugonga ka-ka-ka. Huo si ubovu, meno ya mbele yamechongwa hivyo. Rivasi kwa kawaida inashika pande zote mbili.

Propela ikizunguka bure kwenye gia zote tatu, ama rodi imeachana na mkono, ama kuna kitu kimekatika kati ya gia na propela. Ikishika kwenye zote tatu, mpangilio umehama. Na ikiwa nzito hata kwenye fri, kabla ya kufikiria beringi, vua propela uangalie nyuma yake. Hapa kwetu mara nyingi utakuta uzi wa nyavu umejiviringa kwenye shafti mpaka umekuwa mgumu kama pete. Uutoe wote kwa kisu, polepole, maana nyuma yake kuna sili, na uzi huo ndio mkataji mkuu wa sili katika ziwa hili. Nitarudi kwenye hilo.

Kelele au kimya?

Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, kijana mmoja aliyekuwa anabeba vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe alikuja amenuna.

"Shikamoo fundi. Gia ya mbele inaruka."

"Marahaba. Inaruka kwa kelele au kimya kimya?"

"Kimya. Nikiongeza mafuta inanguruma tu kama imekasirika, boti haiendi. Nikipunguza, inaenda."

"Mkono wa gia unarudi wenyewe?"

"Haurudi, fundi. Unabaki palepale."

Hiyo si gia. Propela za mashine hizi zina raba katikati, kati ya kitovu cha ndani chenye mifereji na mapanga ya nje. Raba hiyo imewekwa ili ukigonga mwamba, yenyewe iteleze na gia zipone. Ikizeeka, au ikishateleza mara kadhaa kwenye miamba, inaanza kuteleza hata kwenye maji matupu. Kwa mafuta kidogo inashika, ukiongeza inaachia. Kutoka nje inafanana kabisa na gia inayoruka.

Kumthibitishia ilikuwa kazi ya shilingi elfu moja. Nilimtuma dukani akanunue rangi ya kucha nyekundu. Vua propela, kausha, piga mstari mmoja ulionyooka ukianzia kwenye kitovu cha ndani, ukivuka raba, mpaka kwenye chuma cha nje. Acha ikauke. Rudisha propela, kimbiza boti kwa nguvu dakika chache, vua tena. Mstari ukiwa bado umenyooka, raba ni nzima. Wake ulikuwa umeachana kwa upana wa vidole vitatu. Alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine anunue giaboksi nzima. Alinunua propela ya mtumba Mwanjelwa na bado anaitumia.

Mashine ndogo zaidi na za zamani zaidi hazina raba ya namna hii, zina pini inayopita kwenye shafti, ambayo inakatika ukigonga kitu. Dalili yake ni kali zaidi: haiendi kabisa, hata kwa mafuta kidogo. Beba pini mbili za akiba na koleo ndani ya boti. Nimeona watu wanaweka msumari wa inchi nne uliokatwa, au mbaya zaidi kipande cha bolti ngumu. Pini imetengenezwa ikatike. Ukiweka chuma kisichokatika, mwamba utakapogongwa kitakachokatika ni jino la gia.

Kuruka kwa gia kwenyewe kuna kelele. Ka-ka-ka au gongo nzito chini ya miguu, na mkono wa gia mara nyingi unatetemeka au unarudi fri wenyewe. Hapo kuna jaribio jingine ninalolipenda. Mwambie mwenzako aushikilie mkono wa gia kwa nguvu usirudi, wewe uendeshe kwa mafuta ya wastani kwa muda mfupi tu. Ikitulia akiushikilia, na kuruka akiuachia, furahi, kosa liko kwenye viungo vya juu au kwenye springi na gololi inayoushika mkono mahali pake. Ikigonga hata akiushikilia, meno ya klachi yameisha. Usirudie jaribio hili mara nyingi, kila gongo moja ni kona ya jino inayoondoka.

Viungo vya juu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ndipo mafundi wengi wanapopita mbio kwa sababu hapana utukufu wowote. Vua kofia ya mashine. Mwambie mtu asukume mkono wa gia mbele na nyuma taratibu, wewe ufuate kwa macho kila kiungo kuanzia mkononi mpaka pale rodi inapozamia kwenye mguu. Unatafuta sehemu ambayo mkono umeshatembea lakini kiungo kinachofuata bado hakijasogea. Huo ndio ulegevu. Kila kiungo kina kibushi, washa na pini. Kibushi kimoja kikilika kidogo, haionekani. Vinne vikilika kidogo kila kimoja, gia inaingia nusu meno, na gia iliyoingia nusu ndiyo inayoruka mzigo ukiwa mzito.

Vibushi vya plastiki usivipake petroli kuvisafisha, vioshe kwa maji ya sabuni. Ukikosa spea, fundi cherehani wa chuma, namaanisha mchonga vyuma, anaweza kukuchongea vya shaba. Mimi nina kopo la vibushi vya shaba vilivyochongwa Mbeya mjini, vinadumu kuliko vya kiwandani. Kwa mashine zenye usukani na kebo, mambo ni rahisi zaidi: chomoa kebo upande wa mashine, sukuma mkono wa gia. Ukiwa bado mgumu, kebo imeota kutu ndani, itupe. Usiipake grisi ukijidanganya. Ukiwa mwepesi, ugumu uko kwenye mashine.

Baada ya ulegevu, mpangilio. Kwenye mashine nyingi za zamani, rodi ya juu na ya chini zinakutana kwenye kiungo chenye nati ya kurekebishia na nati ya kufungia, nje au nyuma ya kidirisha kidogo chenye kifuniko. Usiiguse kabla hujapima. Chukua penseli. Mkono ukiwa fri, chora mstari kwenye mwili wa mashine pale ncha ya mkono ilipo. Sogeza mbele huku unazungusha propela, na pale tu propela inapoanza kushika, chora mstari wa pili. Rudi fri, nenda rivasi, chora wa tatu. Umbali kutoka fri kwenda mbele na kutoka fri kwenda rivasi uwe sawa, au karibu sawa. Ukikuta mbele ni mrefu na rivasi ni mfupi, umepata jibu kwa nini gia ya mbele inaruka: haiingii mpaka mwisho. Legeza nati ya kufungia, zungusha ya kurekebishia nusu mzunguko tu, kaza, pima tena. Andika umezungusha mara ngapi na upande gani. Mimi naandika kwenye mkono wangu kwa kalamu, mke wangu ananicheka kila nikinawa kula.

Sailensa na rivasi

Kama gia zinaingia kwa kishindo na mpangilio ni mzuri, sikiliza sailensa. Mashine za zamani hupandishwa sailensa na wenyewe kwa sababu zinazimika zikiwa baridi. Badala ya kusafisha kabureta wanakaza skrubu. Matokeo yake injini iko juu hata ikiwa imepumzika, na klachi inakutana na gia inayokimbia. Safisha kabureta na plagi, shusha sailensa mpaka injini ingurume taratibu bila kuzimika gia ikiwa imeingia, boti ikiwa majini. Kinyume chake nacho kipo: ukiingiza gia injini inazimika papo hapo. Hapo sailensa iko chini mno, au propela imefungwa na uzi, au mguu umekauka oili.

Rivasi ina malalamiko yake. Mtu anakuja anasema "rivasi haina nguvu, mashine inanyanyuka". Gia haina kosa. Ukiweka rivasi, kuna ndoano kwenye bano la nyuma inayotakiwa kuishika mashine isijinyanyue kutoka majini. Springi yake ikikatika au mchanga ukiingia, ndoano haishiki, propela inajisukuma juu na kuanza kupiga hewa. Mchanga wa Matema ni mzuri kwa wageni wa kupiga picha, kwa ndoano hii ni adui. Ioshe, ipake grisi, angalia springi. Dakika kumi.

Oili ya mguu inasema ukweli

Ukifika hapa bila jibu, bado usifungue mguu. Mwaga oili yake kwanza. Kuna skrubu mbili, moja chini na moja juu. Kinga bakuli jeupe, au kata dumu la lita moja, legeza ya chini kisha ya juu.

Oili nyeusi kidogo lakini safi ni ya kawaida kwa mashine ya zamani. Oili iliyofanana na chai ya maziwa ina maji ndani. Sisi tuna bahati kwamba Ziwa Nyasa ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo maji ndani ya mguu hayali vyuma haraka kama ya Pwani. Lakini beringi haijali chumvi. Maji yanaondoa ulaini wa oili na beringi inaanza kulia. Chanzo cha kwanza ni ile sili iliyokatwa na uzi wa nyavu. Cha pili ni washa za skrubu hizi mbili, ambazo kila mtu anazirudisha zilezile miaka kumi. Cha tatu ni sili ndogo pale rodi ya gia inapoingilia.

Chovya vidole kwenye oili na uvisugue juani. Unga wa kumeta kama vumbi la fedha ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno. Ukivikuta, acha kujaribu, acha kuwasha, sasa mguu unafunguliwa.

Kurudisha oili, tumia ya gia namba 90, ile ya mashine za boti ukiipata. Usiweke oili ya injini. Na usijazie juu kama unavyojaza chupa ya chai. Jazia kwenye tundu la chini, kwa pampu au kitubu, polepole, mpaka itokee tundu la juu bila mapovu. Funga skrubu ya juu kwanza, kisha chomoa pampu na ufunge ya chini haraka. Ukijazia juu, hewa inabaki ndani na utadhani umejaza kumbe nusu. Badilisha kila miezi 6 au saa 100 za kazi, chochote kitakachotangulia.

Ukilazimika kufungua

Hapa sitakufundisha kupanga gia ndani ya mguu. Kuna vishimu, yaani washa nyembamba za kupangia nafasi, vya kupima kwa vipimo vyake, na mtu anayejifunza hilo kwa kusoma ataharibu. Lakini kuushusha mguu, kuangalia, na kuurudisha, unaweza.

Mashine iliyotoka Pwani bolti zake zimeungana na mguu kwa chumvi. Zipake mafuta ya kulainisha kutu jioni, rudi asubuhi. Zigonge kidogo kichwani kabla ya kufungua. Bolti iliyokatikia ndani ya aluminiamu itakugharimu safari ya Mbeya. Hesabu bolti mara mbili, kwa sababu kwenye mashine kubwa moja hujificha chini ya kile kipezi kidogo kilicho juu ya propela. Ukikivua kipezi, chora alama kilikaaje, la sivyo boti itavuta upande.

Weka gia mahali unapopajua, andika, kisha achanisha kiungo cha rodi. Mguu ukishuka, angalia mifereji ya juu ya shafti. Ikiwa imelika mpaka laini, umepata sababu ya injini kunguruma bila propela kuzunguka. Na kwa kuwa umeshafika hapo, badilisha impela ya maji, ile yenye mapezi inayosukuma maji ya kupoza injini. Usiseme bado nzima.

Kurudisha ndiko kunakoumiza watu. Paka grisi kidogo ubavuni mwa mifereji ya shafti, usiweke juu ya ncha: grisi iliyobanwa kwenye ncha inauzuia mguu kukaa mahali pake. Mguu ukigoma kupanda, usiuvute kwa bolti. Ingiza gia, zungusha propela kidogo kidogo mpaka mifereji ikutane, utapanda wenyewe. Usizungushe flaiwili kinyume, utapindua mapezi ya impela.

Kisha unganisha rodi, na hapa nina aibu yangu. Nilirudisha mguu rodi ikiwa kwenye rivasi huku mkono wa juu uko fri. Kamba ikavutika vizuri, maana kizuizi kinasoma viungo vya juu, hakijui kilicho chini. Mashine ikawaka, boti ikaruka nyuma, ikaupanda mtumbwi wa babu mmoja uliokuwa umeegeshwa mchangani. Babu alinitazama, akaniambia tu "ugonile", kama vile ndiyo kwanza nimeamka. Tangu siku hiyo, nikishaunganisha rodi, nazungusha propela kwenye gia zote tatu kwa mkono, plagi zikiwa zimechomolewa, kabla kamba haijaguswa na mtu yeyote.

Siri hiyohiyo, kwamba kizuizi hakijui kilicho chini, iliwahi kuniokoa. Tulikuwa tunatoka upande wa Lumbila, mwezi wa saba, mwera umeanza kuvuma kutoka kusini, na kiungo cha juu kikakatika. Nikazima, nikaivuta rodi kwa plaisi mpaka gia ya mbele, nikaifunga kwa waya. Nikawaambia abiria wote wakae chini, tukaelekeza omo kwenye maji wazi, ndipo nikavuta kamba. Tulifika, lakini bila fri na bila rivasi. Kusimama ilikuwa ni kuzima mashine mapema na kuiacha boti iteleze, makasia mkononi. Fanya hivyo ukiwa umekwama tu, na kamwe usifanye karibu na watu wanaoogelea.

Jaribio la mwisho

Usiwashe mashine nje ya maji hata kidogo, impela inaungua kabla hujamaliza kusikiliza. Pipa la maji linafaa kwa kusikiliza sailensa, propela ikiwa imevuliwa. Kujaribu gia nafanyia ziwani, maji ya kiunoni, boti imefungwa kamba kwenye mti wa ufukweni na hakuna mtu nyuma. Mbele, fri, rivasi, fri, mara kumi, kila mara ukisubiri sailensa itulie. Halafu fungua kamba, nenda bila mzigo, ongeza mafuta hatua kwa hatua. Mzigo wa kwanza uwe nusu.

Jioni paki mashine ikiwa imesimama wima, na uiache usiku mzima. Maji ni mazito kuliko oili, yakiwepo yatashuka chini. Asubuhi, kabla ya kupakia chochote, legeza skrubu ya chini nusu mzunguko na ukinge kidole. Likitoka tone la oili safi, kaza na uondoke. Likianza kutoka maji, rudi kwenye sili ya propela.